Mama Alipoacha Kushika Raketi Kama Jembe

Juzi mjukuu wangu alikuja na raketi aliyopewa shuleni, akaanza kuipunga sebuleni kwangu kana kwamba anafukuza nyuki. Alikuwa ameishika kama kikaango cha mayai, kiganja chote nyuma ya mpini. Kabla sijafikiri nikamwambia, "Hapana vile. Igeuze, ubavu wake uangalie mbele." Akanikodolea macho, akishangaa nimejifunza lini habari za tenisi. Mpini ulikuwa umezungushiwa ngozi mpya, na harufu ya ile ngozi ikanipata kifuani kabla ya puani. Nikalazimika kukaa. Mtoto alishaondoka zamani, maana hawa wa siku hizi hawana subira ya hadithi, kwa hiyo nawasimulia ninyi wenzangu ambao magoti yanawauma kama yangu.

Tulikuwa tunakaa Goma, mtaa wa Mapendo, wakati wa Wabelgiji. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na jiko nje, juu ya yale mawe meusi ya volkano yaliyotuchana nyayo hadi zikawa ngumu kama soli. Papa alikuwa karani katika stoo ya kahawa, mtu wa tai na kofia, aliyeogopa aibu kuliko alivyoogopa homa. Kulikuwa na mimi, mtoto pekee nyumbani, na kulikuwa na Tate, ndivyo tulivyomwita mama yake Papa, aliyekuja kutoka upande wa Rutshuru kututembelea wiki moja na akasahau kurudi. Na kulikuwa na Mama. Mtaa mzima ulimwita Mama Gaspari, kwa jina la kaka yangu wa kwanza, aliyefariki kabla sijazaliwa.

Mama alikuwa anakwenda foyer. Mnakumbuka foyer: mahali ambapo wake za makarani walifundishwa kushona, kupiga pasi na kuoka keki ambazo hakuna mtu nyumbani aliyezitaka. Lakini Mama hakwenda kwa ajili ya keki. Mwisho wa kila somo, Madame aliyesimamia foyer aliwabakiza wanawake wachache waliotaka kusoma, akawapa kila mmoja ardoise, kile kibao cheusi cha kuandikia kwa chaki. Mama alikuwa amefika mahali pa kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye vitu. Alikuwa anashika mche wa sabuni, anaweka kidole juu ya herufi, anasoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe hadi jiwe. Akimaliza neno, alinitazama kuona kama nimesikia. Papa hakukataza wala hakusifu. Alikuwa anapita tu na gazeti lake.

Huyo Madame alikuwa mwanamke mrefu, pua imeungua na jua, na alipenda tenisi kupita kiasi. Kwa nini hakucheza na Wazungu wenzake kule kwenye uwanja wao karibu na ziwa, sijui hadi leo. Alitengeneza uwanja wake nyuma ya foyer, mawe mekundu ya volkano yaliyopondwa yakasawazishwa, mistari ya chokaa, na katikati wavu wa wavuvi uliofungwa kwenye vigingi viwili. Kisha akatafuta mtu wa kucheza naye, na akamchagua mama yangu.

Mimi hakuna aliyeniambia. Siku moja nilitoka shuleni nikaenda kumngojea Mama foyer, nikasikia sauti nyuma ya nyumba, nikachungulia. Mama alikuwa amesimama juani, kikwembe amekifunga juu ya vifundo, jasho linamtoka hadi kidevuni. Mkono mmoja juu, mwingine juu. Madame amesimama ng'ambo ya wavu, anapaza sauti: "Encore, Agnesi! Encore!"

Sasa nataka mnielewe. Shuleni kwetu, mtoto akikosa, alipigishwa magoti katikati ya ua, mikono juu, juani, na mwalimu akikuona unaishusha alisema neno hilo hilo, "Encore," yaani tena. Wafungwa niliowaona barabarani walikimbia na mawe, huku mtu mwenye kofia akiwapigia kelele. Na jina la Agnesi sikuwahi kusikia mtu akimwita Mama kwalo isipokuwa padri. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mweusi akitokwa na jasho mbele ya Mzungu kwa sababu nyingine isipokuwa kazi au adhabu. Kazi ilikuwa na faida yake: unga, sabuni, kitu fulani. Hapa sikuona faida yoyote, mpira unakwenda, mpira unarudi. Basi ilikuwa adhabu.

Nikatafuta kosa lake, nikalipata. Wiki chache kabla, Mama alikuwa ameunguza kitambaa cha meza cha foyer kwa pasi, akarudi nyumbani amenyong'onyea. Ilinitosha. Sikumuuliza neno, kwa sababu mtu akiadhibiwa hapendi kuulizwa, mimi mwenyewe sikupenda. Kila jioni nilisali Salamu Maria ya ziada ili Mama asamehewe kitambaa. Naye kila alipotoka foyer alikuwa na vumbi jekundu miguuni, amechoka, ananyamaza njia nzima. Leo najua alikuwa anafikiri. Wakati ule niliona huzuni, na moyo wangu uliniuma kwa ajili yake hata chakula sikukimaliza.

Halafu mambo yakawa mabaya zaidi. Ikatangazwa sikukuu ya foyer. Watu wangekuja kutazama nguo na keki, na mwisho Madame na Mama wangecheza tenisi na wanawake wawili Wazungu kutoka Bukavu, mbele ya watu wote. Papa alisikia habari hiyo stooni, kwa patron wake, yule Mzungu bosi wa stoo. Alirudi nyumbani akatundika kofia, akakaa mezani, hakugusa maharagwe.

"Mama Gaspari," alisema, "patron yangu atakuwa pale."

"Najua."

"Bazungu bote batakuwa pale. Batu ya Mapendo bote batakuwa pale, na midomo yao."

"Najua, Papa Gaspari."

"Utaruka-ruka mbele yao?"

Tate alidakia kutoka kwenye mkeka wake. "Na tena anamutupia mugeni kitu na mukono ya kushoto! Niliona kwa macho yangu. Mukono ya kushoto! Kwetu hata imbwa hatuipe chakula vile."

"Ni mupira tu, Mama," Mama akasema. "Mukono ya kuume iko na raketi."

"Basi weka raketi chini, umupe mupira vizuri."

Siku nyingine Papa angecheka. Siku ile alimwelekezea Mama kidole, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. "Sikia. Kama bakikucheka, foyer imeisha. Na ile ardoise imeisha. Sitasema mara mbili."

Mama alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini taratibu. "Na kama habakunicheka?"

Papa alivuta sahani yake akaanza kula.

Nilielewa nusu. Nilielewa kwamba adhabu sasa itafanywa hadharani, na kwamba Mama akiikosea atanyang'anywa kibao chake. Niliona jinsi alivyokichukua usiku ule, akakifuta ingawa kilikuwa safi.

Kuanzia hapo nilikwenda kuchungulia kila siku. Na kila siku nilimwona akishindwa kitu kile kile. Kucheza mpira ukiwa umeshatumwa aliweza, tena vizuri, alikuwa na miguu myepesi. Shida ilikuwa mpira wa kuanzisha. Unautupa juu kwa mkono wa kushoto, unaupiga ukiwa juu, uvuke wavu uangukie ndani ya mistari. Kwanza, ule mkono wa kushoto haukutaka kutupa. Kwetu ukimpa mtu kitu, unampa kwa mkono wa kuume, na wa kushoto unaukamata wa kuume karibu na kiwiko, kwa heshima. Mkono wa Mama ulikuwa umefanya hivyo tangu utotoni. Ulirusha mpira na papo hapo ukakimbilia kiwiko, na mwili wote ukakunjika.

Pili, na hili ndilo lililomtoa jasho Madame, ni jinsi alivyoishika. Mama aliishika raketi kama jembe. Jembe unalipandisha bapa likiwa limekuelekea, unalishusha bapa likiwa bado limekuelekea, na mkono hauna la kufikiri. Ukipiga hivyo mpira wa kuanzisha, unakwenda ama wavuni ama mawinguni. "Hapana jembe, Agnesi! Comme un marteau!" Kama nyundo. Na Mama alikuwa anaitikia, "Ndiyo, Madame," kisha anashika tena kama jembe. Angefanyaje? Hakuwa amewahi kushika nyundo maisha yake. Nyundo ilikuwa ya wanaume, na mwanamke akionekana juu ya ngazi anapigilia msumari, Tate angefunga mizigo yake asubuhi ile ile. Madame alidhani anamrahisishia. Mama aliona haya kumwambia kwamba hajui nyundo inashikwaje.

Siku tatu au nne kabla ya sikukuu, nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko nikichambua mchicha, na Mama anachanja kuni ndogo kwa panga. Ninyi mmesikia mengi mno juu ya panga tangu wakati huo, mnisamehe. Kwetu lilikuwa chombo cha jikoni kama kisu. Alichanja, alichanja, ghafla mkono ukasimama hewani. Akautazama. Akalishusha panga magotini, akaligeuza bapa juu, akalishika vile alivyoshika raketi, akatikisa kichwa. Akaligeuza tena, makali mbele. Akatazama ile pembe kati ya kidole gumba na cha shahada, jinsi ilivyokaa juu kabisa, sawasawa na mgongo wa panga. Akavilegeza vidole, akavikaza kidogo, kama unavyomshika mtoto mkono mnapovuka barabara. Kisha akacheka peke yake. Akasimama, akalipandisha panga juu ya kichwa, akaukata upepo. Mara ya kwanza, mara ya pili. Na mwishoni, panga likiwa juu kabisa, kifundo cha mkono kikageuka na bapa likang'aa.

Mchicha ulinianguka. Usoni mwake hapakuwa na huzuni tena, palikuwa na kitu kingine, meno yameonekana, macho yanatazama mbali. Nikajua. Amechoka kuadhibiwa. Siku ya sikukuu atamkata Madame.

Msinicheke. Nilijua kitu kimoja juu ya mtu mweusi anayemwinulia Mzungu mkono, na watoto wote wa Mapendo walikijua. Nilikimbia kwa Tate, nikashindwa kusema, nikasema tu, "Mama iko nakata upepo." Tate akasonya. "Ni ile tenisi. Itamumaliza akili." Haikunisaidia kitu. Asubuhi ya sikukuu, wote walipokuwa wanavaa, nililichukua lile panga, nikalifukia chini ya mawe nyuma ya choo, nikaosha mikono. Njiani nilimshika Mama kikwembe kwa nguvu hadi akaniambia nitakifungua.

Watu walikuwa wengi. Wazungu kwenye viti, kivulini. Sisi tumesimama kuzunguka kamba. Papa alisimama karibu na kiti cha patron wake, kofia mkononi, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha. Tate alikaa juu ya jiwe, akaweka mikono mapajani. Hao wageni wa Bukavu walikuwa na sketi nyeupe zilizoishia magotini, na kina mama wa mtaa wakatazamana. Mama alikuwa na kikwembe chake kizuri cha manjano na miguu mitupu.

Mwanzoni ilikwenda salama. Ukifika mpira kwake aliurudisha. Kisha ikafika zamu yake kuanzisha, na padri aliyekuwa anahesabu akamnyooshea mkono. Niliona Mama anatazama watu, na nikaona mkono wake unaishika raketi, kiganja nyuma, kama jembe. Mtu akiogopa, mkono hurudi kwa kile ulichojifunza kwanza. Akautupa mpira. Mkono wa kushoto ukakimbilia kiwiko. Mpira ukaenda moja kwa moja, ukampiga Madame mgongoni.

Watu wakavuta pumzi. Mahali fulani nyuma yangu mtu alianza kucheka, akajifanya anakohoa. Mpira wa pili ukaingia wavuni. Akaanza upya, na huo nao ukaenda juu, ukatua kwenye paa la foyer, ukateremka mabatini polepole, kila mtu anausikiliza. Sasa kulikuwa na vikohozi vingi. Midomo ya kina mama imebanwa, mabega yanatikisika. Patron akamgeukia Papa akamwambia kitu, na Papa akatazama chini. Nilitaka ardhi inimeze mimi, Mama, na kile kibao pamoja.

Mama alijifuta kiganja kwenye kikwembe. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, upande mmoja na mwingine, kama mtu aliye jikoni kwake. Kisha akaigeuza raketi. Ubavu mbele. Pembe ya vidole juu. Nikaujua ule mkono. Nikaziona tena zile kuni, lile panga, yale meno. Madame alikuwa amesimama mbele yake, karibu na wavu, amempa mgongo, shingo yake nyekundu iko wazi. Mama akainua mkono juu ya kichwa.

Nikapiga kelele, "Mama, hapana!" na nikafumba macho.

Nilisikia mlio mmoja mkavu. Nikangoja mayowe. Hayakuja. Nilipofumbua macho, mgeni mmoja wa Bukavu alikuwa ameganda, raketi yake bado iko chini, anatazama nyuma yake, mahali ambapo mpira ulikuwa umeshapita na kuacha alama kwenye chokaa. Madame alikuwa mzima. Mkono wa kushoto wa Mama ulikuwa unaning'inia tu ubavuni, huru, umesahau kiwiko.

Hakuna aliyepiga makofi. Hatukujua kama inaruhusiwa. Hata vikohozi viliisha. Padri akasema hesabu yake, sauti imembadilika kidogo, na Mama akaokota mpira mwingine, akapiga vile vile, na mwingine. Mmoja ulitoka nje, lakini ulitoka kwa nguvu, na kwa mpira wa namna ile hakuna mtu anayecheka. Mwishowe yeye na Madame walishindwa, kwa sababu wale wageni walikuwa wanajua kazi yao. Wakapeana mikono. Papa akavaa kofia.

Tuliporudi nyumbani, Tate alilalamika njia nzima juu ya keki. Mama alipika. Kabla ya kupakua, alichukua ardoise yake akaiweka juu ya kabati, mahali pa vitu visivyotumika, akaisukuma hadi ukutani. Papa alimwona. Alikula, akanawa, akakaa kidogo akijisafisha meno kwa kijiti.

"Habakucheka," akasema.

Mama akageuka. "Banakohoa."

"Kukohoa haiko kucheka." Papa akatazama kile kijiti. "Lundi utaenda." Lundi ndiyo Jumatatu, siku ya foyer.

Mama akaweka mkono mdomoni. Nami nikaangua kilio, kilio cha nguvu, hata Tate akaruka kwenye mkeka. Nilimrukia Papa magotini. "Papa, musamehe! Asiende! Ameisha kulipa ile kitambaa! Banamupiga azabu kila siku, mikono juu, ku jua, ameisha kulipa!"

Iliwachukua muda kuelewa. Wakanihoji, nikawaambia yote, kitambaa, sala, hadi panga lililo nyuma ya choo. Papa alianza kucheka, akacheka hadi akatoa miwani, na Tate naye akajiinamia, mabega yanatikisika. Mama hakucheka. Alinitoa kwa Papa, akaninawisha uso kwa maji ya kuoshea vyombo, akachuchumaa macho yake yakawa sawa na yangu.

"Haiko azabu," akasema. "Madame hakunituma. Ni miye nilimuomba anifundishe."

"Juu ya nini?" nikauliza, nikitaka sababu.

Akafikiri. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Napenda," akasema. "Miye napenda ile kitu."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema anapenda kitu chochote. Alisema Papa anapenda maharagwe yenye ndizi, Tate anapenda tumbaku, mimi napenda utando wa maziwa. Nilimtazama yule mwanamke mwenye vumbi jekundu vidoleni, na nikaogopa upya, kwa namna nyingine. Adhabu nilijua kuiombea msamaha, lakini kwa hii sikuwa na sala.

Jumatatu aliichukua ardoise juu ya kabati, akaifuta, akanipeleka hadi njia panda ya shule. Hapo akaniachia mkono. Alitembea haraka juu ya yale mawe meusi, mguu mtupu, na hakugeuka. Nami sikumwita.